Mnaenda kwa Nani?

Mwaka juzi niliamua kwamba wanangu watatu watavuka mpaka wa nchi likizo ya mwezi wa sita, hata kama pamba yote ya Simiyu italala shambani. Niliamua hivyo nikiwa kwenye cherehani yangu hapa Bariadi mjini, nikipinda sketi ya shule ya mtoto wa watu, na kabla pindo halijaisha jambo lilikuwa limeshapita. Ndivyo nilivyo. Mume wangu husema kubishana na mimi nikishaamua ni sawa na kumzuia ng'ombe aliyekwisha kuyaona maji, na huwa anasema hivyo akiwa tayari amesogea pembeni.

Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni binti yangu mkubwa. Alikuwa kidato cha tatu, na mwaka unaofuata angekuwa kidato cha nne, ambapo likizo ya Juni si likizo tena bali ni kambi ya mtihani. Baada ya hapo ni kidato cha tano mkoa ambao hata hatujui ni upi, kisha chuo, kisha maisha yake. Nikimtazama alivyorefuka hadi sare niliyomshonea Januari ikawa fupi mwezi wa tatu, niliona wazi kwamba Juni ile ndiyo ya mwisho watoto wote watatu kuwa mikononi mwangu kwa wakati mmoja.

Ya pili ni mimi mwenyewe, wala sioni haya kuisema. Nilikulia Mwanhuzi, nyumba ya ng'ombe na pamba. Baba yangu alikuwa na redio, na kila alipomaliza kusikiliza taarifa ya habari alituahidi kwamba ipo siku atatupeleka tukaone nchi za watu. Juni ikifika tuliamshwa kwenda kuvuna. Baba amefariki bila kuvuka mpaka wowote, na mimi nimevuka miaka arobaini nikiwa bado na hasira naye. Ni hasira ya kipuuzi, maana mzee wa watu hakuwa na kosa, pamba haikumsubiri. Hata hivyo ipo, na nilijiapia kwamba wanangu hawatakuwa na hasira ya namna hiyo juu yangu.

Nina kitabu cha vipimo ambacho mbele kimejaa viuno na mabega ya watu. Nikakigeuza, nikaanza kupanga safari kutokea nyuma. Hapa mjini ukisema unakwenda nje ya nchi kupumzika, watu wanafikiri ndege na baridi kali. Mimi nilichukua ramani ya shule ya mwanangu wa kiume, yule wa katikati, nikaweka juu yake utepe wa kupimia nguo. Nikapima Kigali, nikapima Kampala. Nilipopima Kisumu nilirudia mara mbili, kwa sababu sikuamini. Unatoka Bariadi, unashuka Lamadi, unashika barabara kuu hadi Sirari, unavuka, na siku hiyohiyo unalala Kisumu. Kwa utepe wangu, Kisumu ilikuwa karibu kuliko Dodoma.

Fundi mwenzangu wa kibanda cha jirani alicheka mpaka akaacha kushona. "Kisumu? Si ziwa lilelile la Lamadi?"

"Ni lilelile," nikamwambia, "ila kule linatazamwa na watu wengine."

Nikaenda ofisi ya uhamiaji kuuliza, nikaambiwa kwamba kwa nchi jirani si lazima kuwa na pasipoti kubwa, hati ya dharura inatosha, mradi kila mtoto awe na cheti cha kuzaliwa na baba yao aandike barua ya kuridhia. Nikaulizia chanjo ya homa ya manjano. Nikapiga simu kwenye nyumba ya wageni ya kanisa moja huko Kisumu, mahali pa vitanda vingi na bei ya watu wa kawaida. Kila kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye sare nilikigeuza kuwa mkoba wa shule nikauza, na kopo langu la vifungo likaanza kuwa zito. Kufikia Pasaka, upande wangu ulikuwa umekamilika. Kilichobaki ni mama mkwe wangu.

Mama mkwe anaishi kijijini, upande wa Lagangabilili, na anapolima pamba analima kweli. Mguu mmoja umeanza kumsumbua, lakini shamba halipunguzi. Tangu binti yangu mkubwa alipoanza darasa la kwanza, Juni ya watoto wangu ni mali ya bibi yao. Wanapelekwa siku shule inapofungwa na wanarudi siku moja kabla haijafunguliwa, vidole vimechunika, wanajua kutenganisha pamba safi na fifi, ile chafu ya daraja la pili, hata wakifumba macho. Hakuna aliyewahi kuandika mkataba huo, na ndiyo maana ulikuwa mgumu kuvunja. Ningeweza kuondoka tu na watoto wangu, ndiyo. Lakini sikutaka kutoka kama mwizi. Kwetu mkwe akiondoka na wajukuu bila baraka za bibi yao, hata mtoto akijikwaa kidole huko aendako, aliyemkwaza anajulikana.

Nilimwendea Jumapili baada ya ibada. Nilimkuta amekaa kwenye jamvi anabangua karanga. Tulisalimiana kwa kirefu, mimi nimepiga goti kama inavyotakiwa, tukaulizana ng'ombe, mvua na mguu wake. Kisha nikamwambia habari ya Kisumu, haraka haraka kama mtu anayebandua plasta.

Aliendelea kubangua. "Kuna msiba?"

"Hapana, mayu."

"Harusi?"

"Hapana. Tunaenda kupumzika tu. Watoto waone nchi nyingine."

"Mnaenda kwa nani?"

Nikamjibu kwamba tumeshapata nyumba ya wageni. Akatikisa kichwa taratibu, akanisogezea karanga nile. Mimi nikaondoka pale nikijua nimeelewa. Nilijiambia kwamba bibi huyu mjanja hataki kusema waziwazi kwamba anawataka wavunaji wake, kwa hiyo anazungukia huku na huku. Basi, kama ni pamba, nitamaliza habari ya pamba.

Kijijini kwake kuna kundi la wanawake wanaovuniana kwa zamu. Leo wote wako shamba la huyu, wiki ijayo la yule, wanavuna mpaka panakuwa peupe, mwenye shamba anapika, wanakula, wanaachana. Sharti ni moja. Usipoonekana kwenye mashamba ya wenzako, usitegemee kuwaona kwako. Mama mkwe alishatoka kwenye kundi kwa sababu ya mguu, na ndiyo maana wajukuu walikuwa mikono yake. Nikaenda kwa kiongozi wa kundi nikaomba kuingia kwa niaba yake. Alinishika mkono, akaugeuza, akautazama vizuri.

"Fundi," akasema, "vidole hivi vimezoea uzi. Pamba yenyewe vitaiweza?"

"Tutaona Jumamosi," nikamjibu.

Jumamosi tano mfululizo nilifunga kibanda changu, nikapanda bodaboda alfajiri, nikaenda kuvuna mashamba ya watu nisiowajua majina. Mtu aliyekulia kwenye pamba anaweza kuisahau miaka ishirini, lakini kiuno hakisahau. Jumamosi ya kwanza nilibaki nyuma ya wote, na wanawake wenye umri wa mama yangu walikuwa wakigeuka kunitazama na kucheka bila kujificha. Makapi makavu ya vitumba yalinichoma pembeni ya kucha hadi Jumatatu nikawa nashindwa kushika sindano. Ya tatu niliacha kubaki nyuma. Ya tano kiongozi alinipangia mistari miwili badala ya mmoja, na mimi nikaichukua kimyakimya, nimevimba kwa majivuno.

Halafu ikafika zamu ya mama mkwe. Walikuja wanawake zaidi ya ishirini wakiwa na vitenge vyao kiunoni, wakaingia shambani wakiimba, na hadi jua lilipoanza kuinama pamba yote iliyokuwa imefunguka ilikuwa imelala kwenye turubai uani, lundo la kunifika kifuani. Vitumba vilivyobaki walishakubaliana kuvirudia baada ya wiki mbili, sisi tukiwa safarini. Mama mkwe aliwapikia ugali na maziwa ya mgando, akawashukuru mmoja mmoja. Walipoondoka, nilisimama mbele ya lile lundo nikiwa na majani kichwani na furaha ya kijinga moyoni.

"Mayu, pamba yako hiyo. Jumatatu tunaondoka."

"Wabeja sana, ng'wanone," akanishukuru, na alimaanisha, maana alinishika mikono yote miwili akavitazama vile vidole. "Umefanya kazi kubwa. Lakini mimi sikukuuliza habari za pamba. Nilikuuliza mnaenda kwa nani."

Jumamosi tano! "Hatuendi kwa mtu, mayu. Nilishakwambia. Tunaenda kupumzika."

"Mtu anapumzikaje mahali ambapo hakuna anayemjua? Asubuhi nani atawaambia mwangaluka? Mkikawia kurudi nyumbani nani atasema, mbona leo wale hawajaonekana?"

"Tutasalimiana wenyewe kwa wenyewe," nikasema, kwa sauti ambayo mkwe hapaswi kuitumia.

Alichukua fimbo yake akaingia ndani. Mimi nilirudi mjini kwenye bodaboda nikilia, na dereva akanyamaza njia nzima, Mungu ambariki. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Nilikuwa nimepigana vita na nikashinda, kumbe adui hakuwa upande ule. Mume wangu aliponiuliza kama bado tunasafiri, nilimtazama kwa namna iliyomfanya aende mwenyewe kutafuta begi. Yeye alikuwa amechagua kubaki, kwa sababu ya kazi yake ya kutengeneza pampu za visima, alivyosema. Nadhani aliona ni salama zaidi kuwa karibu na mama yake kuliko kuwa safarini na mimi.

Jumatatu asubuhi tulikuwa stendi, mizigo imeshapakiwa, nikaona bodaboda inakuja na bibi wa watu amekaa upande kama malkia, amekumbatia ndoo. Ilikuwa ndoo ndogo ya rangi ya nyumba, iliyooshwa vizuri, mfuniko umefungwa kwa kamba ya katani. Alishuka taratibu, akawasalimia wajukuu wake mmoja mmoja, akanikabidhi.

"Michembe," akasema. Ni viazi vitamu vinavyokatwa vipande na kuanikwa hadi vikauke kabisa, chakula chetu cha akiba. "Mpeni mtu."

"Mtu gani, mayu?"

"Mtakayemkuta. Na ndoo ni yangu, irudi."

Kisha akamtemea kila mtoto mate kidogo kichwani kwa kumbariki, akafika kwangu, akasita, akanibariki na mimi. Sikuwa nimetegemea. Nilipanda basi nikiwa sijui nimesamehewa au nimekabidhiwa mzigo wa adhabu.

Ndoo ile ilinitesa. Chini ya viti haikuingia, kwenye rafu ya juu kondakta aliikataa, kwa hiyo kutoka Bariadi hadi Lamadi ilikaa mapajani mwangu, na kutoka Lamadi hadi Sirari ilihama paja la huyu kwenda la yule. Mpakani tulipanga foleni na hati zetu mpya. Afisa wa upande wa pili, kijana mpole, alizipekua zote nne, akatazama watoto, akatazama ndoo.

"Mnaenda kwa nani?"

Maneno yalikuwa yaleyale, sauti tu ndiyo tofauti. Kabla sijasema nyumba ya wageni, mwanangu wa kiume akadakia. "Tunampelekea mtu hii ndoo."

"Mtu gani?"

"Hatujamkuta bado."

Afisa alicheka, watu wa nyuma yetu wakacheka, mihuri ikagongwa. Binti yangu mkubwa aliona aibu akajifunika na khanga. Mimi nilicheka pia, lakini shingo upande.

Siku mbili za kwanza Kisumu zilikwenda kama nilivyoandika nyuma ya kitabu changu cha vipimo, na niliyoandika yote tuliyafanya, maana sikukubali hata moja lirukwe. Tulitembea kwa miguu mji mzima. Tuliona ngazi zinazotembea zenyewe ndani ya duka kubwa, tukazipanda na kuzishuka hadi mlinzi akatuuliza kama tumepotewa na kitu. Tulikwenda ufukweni. Mwanangu wa mwisho, mtoto wa miaka saba, alisimama akayatazama maji muda mrefu.

"Mama, huku ndiyo nje?"

"Ndiyo."

"Mbona ni kama Lamadi?"

Nilimwambia atazame vizuri. Akatazama vizuri, kwa adabu, akasema anaona njaa. Chakula cha hotelini kilikuwa kinakula akiba yetu kuliko nilivyokadiria, na nilianza kuwagawia watoto chapati nusu nusu huku nikijidai mimi nimeshiba. Kwenye nyumba ya wageni watu walikuwa wakiingia na kutoka, kila mtu na funguo yake na simu yake. Hakuna aliyetuudhi. Siku ya tatu asubuhi tulipokuwa tunateremka ngazi, yule mdogo akanivuta gauni.

"Mama, tangu tuje hakuna mtu aliyetuamkia."

Nilisimama palepale kwenye ngazi. Ningeweza kumwambia kwamba mjini ndivyo watu walivyo. Niliona aibu, na aibu hiyo ilikuwa na sura ya bibi mmoja anayebangua karanga. Nikarudi chumbani, nikaichukua ile ndoo.

Nyuma ya jengo kulikuwa na jiko, na mpishi wake alikuwa mama wa umri wa mama mkwe wangu, mnene kidogo, kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa anachambua mboga. Nilimsalimia, nikapiga goti kidogo bila kufikiri, na watoto wangu watatu wakamwamkia kwa zamu. Aliacha mboga.

"Marahaba, wanangu. Mmetoka wapi nyinyi wenye adabu hivi?"

Nikamwambia. Nikamkabidhi ndoo, nikasema imetoka kwa bibi yao. Hakuuliza kwa nini. Alikata kamba, akafunua, akanusa, akauma kipande kimoja kikavu, akakunja uso.

"Hii mnaila namna gani bila kuvunja meno?"

Binti yangu mkubwa, ambaye tangu mpakani alikuwa akijifanya hatujui, akakunja mikono ya blauzi. Alimwonyesha jinsi ya kuloweka, jinsi ya kuchemsha na karanga zilizosagwa mpaka mchuzi uwe mzito. Alikuwa anaeleza kama bibi yake anavyoeleza, kiganja juu, maneno machache. Nilimtazama mwanangu akifundisha mtu mzima wa nchi nyingine kupika chakula cha kwetu, na nikajua kwamba hata tukirudi nyumbani saa hiyohiyo, nilichokijia nimekipata. Tulikula wote pale jikoni. Yule mama alirudia bakuli.

"Na mwenye ndoo ni nani?" akauliza.

Tukamweleza. Akauliza mguu wake unauma upande gani, analima nini, ana wajukuu wangapi. Tangu saa hiyo hatukula hotelini tena. Asubuhi zilizofuata tuliamkiwa, na tulipochelewa kurudi siku moja tulimkuta amesimama getini mikono kiunoni, anatugombeza kwa Kiswahili chake cha huko. Alipopata siku ya mapumziko alitupeleka nyumbani kwake, nje kidogo ya mji. Ana bustani ya mnavu na kunde, na yeye pia mguu umeanza kumkataa akiinama. Watoto wangu, ambao nilivuna Jumamosi tano ili niwatoe shambani Lagangabilili, waliinama wakachuma mnavu Kisumu kuanzia asubuhi hadi mchana, wakiimba nyimbo za kundi la bibi yao. Nilikaa kivulini nikajicheka hadi yule mama akaniuliza kama niko sawa.

Siku ya kuondoka alituletea ndoo, imeoshwa, imejaa omena, dagaa wa kwao, mfuniko umefungwa kwa kamba mpya. Pembeni yake kulikuwa na kikapu cha katani chenye mistari ya kijani, ndani yake unga wa wimbi.

"Ndoo hiyo mrudishieni nyanya yenu," akawaambia watoto, maana kwao bibi ni nyanya. Kisha akanigeukia mimi. "Kikapu ni changu. Kirudi."

Nilitaka kumwambia kwamba sijui kama tutarudi, kwamba mkubwa ana kambi mwaka ujao, kwamba safari hii ilikuwa ya mara moja. Nilimtazama usoni, nikasema sawa, mama.

Mama mkwe alikuwa anatungoja nyumbani kwetu mjini, hakutaka kusubiri kijijini. Alipokea ndoo kwanza, akaipima uzito kwa mkono, akatabasamu. Halafu akaona kikapu.

"Mlikwenda kwa nani?"

Safari hii nilikuwa na jibu, na lilichukua jioni nzima. Alitaka kujua kila kitu. Ni mjane? Watoto wake wako wapi? Ng'ombe anao? Nikapiga simu Kisumu nikampa, na wale akina mama wawili, kila mmoja akiongea Kiswahili ambacho si lugha ya mama yake, wakaanza kusalimiana polepole kwa sauti kubwa. Salio liliisha wakiwa bado hawajafika hata kwenye habari za unga. Kikapu alikwenda nacho kijijini. Kila nilipomtembelea nilikiona kwenye msumari nyuma ya mlango, kitupu, kimepanguswa vumbi.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, sikufungua kitabu changu nyuma. Binti yangu mkubwa alikuwa ameshatuandikia kwamba kambi yao itachukua likizo yote, na mimi moyo wangu ulikuwa umeishia hapo. Nilikuwa nimetimiza nilichoapa. Nilijiambia tutapumzika mwaka mmoja. Mama mkwe alikuja mjini siku ya gulio, akaweka kitu mezani pangu juu ya kitambaa nilichokuwa nakata. Kilikuwa kile kikapu, kimejaa mchele mpya, mdomo umeshonwa kwa uzi.

"Kundi nimewaomba zamu ya kwanza mwaka huu," akasema. "Siku zako za Jumamosi wamezikumbuka, wamenipa. Mkubwa ana kambi, siyo?"

"Ndiyo, mayu."

"Basi nafasi yake ipo wazi."

Nilimtazama, nikatazama mguu wake, nikafungua mdomo nimwambie kuhusu basi, foleni, ngazi za ile nyumba ya wageni. Aliniangalia kwa namna ninayoijua, kwa sababu ndivyo mimi mwenyewe ninavyowaangalia watu. Nikafunga kibanda tukaenda kupiga picha ndogo, ambamo alikataa kutabasamu, kisha tukaenda uhamiaji.

Pale dirishani nilianza kumjibia. Afisa, dada mmoja mwenye heshima, akaniomba nimwache bibi ajibu mwenyewe. Akamwinamia.

"Shikamoo bibi. Unaenda kwa nani?"

Mama mkwe wangu alikiweka kikapu juu ya kaunta ili kionekane vizuri.

"Marahaba, mjukuu wangu. Naenda kwa mwenzangu," akasema. "Chombo chake ninacho."